Urithi wa Ng'ombe na Urithi wa Damu

Mtu hupokea urithi wa namna mbili. Wa kwanza hugawiwa mbele ya wazee: ng'ombe, shamba na jina. Wa pili hugawiwa tumboni, bila shahidi wala hiari, na mpewaji hawezi kuukataa. Katika wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, urithi wa kwanza una kanuni nyingi. Swali langu lahusu wa pili: je, ajuaye kuwa saratani imo katika damu yake ana haki ya kunyamaza?

Kwanza tuondoe hofu isiyo na msingi, maana si kila maradhi yanayorudi katika boma moja hutoka katika damu. Mwaka 1958 daktari Denis Burkitt alieleza saratani aliyoiona Uganda, ivimbishayo taya za watoto. Ilikuwapo pia Mara ya Kaskazini, pamoja na Tarime. Na kati ya mwaka 1977 na 1982 watoto wa huko walipewa klorokwini, ili ijulikane kama kupunguza malaria kungeipunguza. Ndugu wawili wakiugua, jirani aweza kusema ukoo umelaaniwa. Walakini saratani hiyo huletwa na virusi vikisaidiwa na malaria, na mbu haulizi ukoo wa mtu.

Lakini iko saratani irithiwayo kweli. Katika saratani mia, tano hadi kumi hivi hutokana na kasoro ya jeni iliyorithiwa. Jeni za BRCA1 na BRCA2 zilitambuliwa mwaka 1994 na 1995. Mwanamke mwenye kasoro katika mojawapo yumo katika hatari kubwa ya saratani ya matiti na ya ovari, na kila mtoto wake ana nafasi moja kati ya mbili ya kuirithi. Baba huipitisha sawa na mama, ingawa yamkini yeye mwenyewe asiugue. Ndugu kadhaa wa upande mmoja wakiugua hivyo, hasa katika umri mdogo, familia ina sababu ya kujihadhari.

Hapa mila na tiba huachana njia. Kwa Wakurya, ng'ombe wa mahari ndio huonyesha mtoto ni wa nani. Katika nyumba ntobhu, mwanamke asiye na mtoto wa kiume hutoa mahari na kumwoa mwanamke mwenzake ili apate warithi. Mtoto ni wa nyumba iliyotoa ng'ombe. Mwanamume aliyemzaa hana dai. Siibezi mila hii, kwani imewapa wajane wengi warithi na heshima. Lakini daktari akimwuliza binti wa nyumba hiyo nani katika ukoo wake aliugua titi, binti hujibu kwa ukoo wa ng'ombe, na jeni hufuata ukoo wa damu. Jibu lake ni la kweli, tena laweza kumpoteza.

Mtetezi wa kimya ana hoja nzito. Nyumba huchunguzwa kabla ya posa. Ukoo ukisemwa vibaya, mabinti hukosa wachumba. Tena vipimo vya jeni ni ghali na viko mbali. Nakubali yote mawili. Lakini kulikagua titi hakungoji kipimo cha jeni. Msichana ajuaye habari za nyanya na shangazi zake wa damu hatalea uvimbe mwaka mzima akidhani ni jipu. Atakwenda zahanati, na ikibidi atafika Bugando, Mwanza, mapema. Wala kuwaambia wahusika faraghani si kutangaza sokoni.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Katika maradhi ya kurithi, anayeumbuliwa aweza kuwa mwana asiyeficha lolote. Kwa hiyo mgonjwa ana deni kwa ndugu zake wa damu, na mama ajuaye baba mzazi wa mwanawe ana deni kwa mwana huyo. Hakuna alaumiwaye kwa damu aliyopewa, maana hakuichagua. Kunyamaza huchaguliwa, na lawama huanzia hapo.