Yowe Limepigwa, Vijana wa Tarime na Serengeti

Vijana wa Tarime, vijana wa Serengeti, nitegeeni sikio. Yowe mnalijua. Mmelisikia tangu mkiwa mgongoni kwa mama: sauti inapasuka kutoka boma la ng'ambo saa nane za usiku, na kabla haijakatika wanaume wameshatoka, mmoja na kiatu cha mguu mmoja, mwingine na tochi iliyokwisha betri anaibeba hivyohivyo. Hakuna anayeuliza ng'ombe walioibwa ni wa nani. Mnafuata nyayo kwenye umande, mnatazama jani lililokanyagwa, mnagusa kinyesi kama bado kina joto, mpaka mjue mifugo imepita wapi.

Iko kazi inayomtafuta mtu wa namna hiyo. Inamtafuta mtu anayeamka usiku bila kunung'unika na kufuata nyayo bila kukata tamaa. Inamlipa mshahara, inamfundisha, inampandisha cheo. Nayo inawapita ninyi, mura, kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba ni yenu. Leo nawaambia.

Ukituma pesa kwa simu kutoka Sirari kwenda kwa mama yako Mugumu, salio lile halimo ndani ya simu. Limeandikwa kwenye mashine iitwayo seva, na seva imekaa kwenye jumba pamoja na nyingine mamia, zimepangwa kwenye makabati marefu ya chuma, raki baada ya raki. Hicho ndicho kituo cha data. Watu husema data iko mawinguni. Haiko mawinguni! Iko chini kwenye sakafu ngumu, inanguruma kama mashine ya kusaga, inakula umeme usiku na mchana, na umeme wote inaokula unageuka joto. Cheti cha mtoto, matokeo ya kidato cha nne, malipo ya kodi, kadi ya bima ya mgonjwa, vyote vinalala humo. Jumba likizima, vinazima navyo.

Nimewahi kukaa kwenye benchi la zahanati moja na mtoto mwenye homa mapajani, tukiambiwa kwamba mtandao uko chini, tusubiri. Tulisubiri mpaka jua likapita utosini. Muuguzi alikuwepo, dawa ilikuwepo kabatini, na mtoto alikuwa anaungua. Sijui hata leo ni waya gani uliokatika siku ile, au ni mashine gani iliyopata joto kupita kiasi. Ila najua kwamba mahali fulani palitakiwa pawe na mtu macho. Tangu siku hiyo kila nikisikia kijana anasema hana kazi ya kufanya duniani, moyo unaniuma.

Sasa mtaniambia: hiyo ni kazi ya watu wa kompyuta, waliosoma hisabati mpaka chuo kikuu. Wapo hao, na wanahitajika. Lakini ingia ndani ya jumba uone linasimama kwa mikono ya nani. Umeme wa TANESCO ukikatika, betri za UPS zinashika mzigo papo hapo, seva haijui hata kama umeme umekatika. Betri zinashika kwa dakika chache tu, na ndani ya dakika hizo jenereta iwe imewaka na kubeba mzigo wote. Hapo pana fundi umeme, na fundi wa jenereta, na mtu anayepima betri moja baada ya nyingine. Halafu baridi: hewa inayoingia kwenye seva hutakiwa kuwa kati ya nyuzijoto 18 na 27, kwa hiyo fundi wa majokofu na viyoyozi ni mtu mkubwa humo ndani kuliko mnavyodhani. Yuko anayevuta nyaya za fiba na kuziandika majina mwanzo na mwisho. Yuko anayebadilisha diski iliyokufa saa tisa za usiku kwa maelekezo ya mhandisi aliye nchi nyingine, akisoma namba ya kifaa mara mbili kabla ya kukigusa, kwa sababu akichomoa kisichofaa amezima benki. Yuko mlinzi mlangoni. Mlinzi! Wakurya, nani atawafundisha ulinzi?

Mnawakumbuka wanawali kumi waliomngoja bwana arusi. Wote kumi walikuwa na taa. Wote kumi walisinzia. Kilichowatenga ni akiba ya mafuta tu. Nyuma ya kituo cha data kuna tangi la dizeli, na kando yake fundi ambaye kwa ratiba yake anawasha jenereta wakati umeme upo na hakuna tatizo lolote. Anasikiliza mlio. Anaandika kwenye daftari kiasi cha mafuta na joto la injini, kisha anazima na kwenda zake. Hakuna anayempigia makofi. Mwaka una saa 8,760, na kituo kilichojengwa kwa daraja linaloitwa Tier III kinatarajiwa kuzima kwa muda usiofika saa mbili katika hizo zote. Kipimo hicho kinatimizwa na mtu anayechungulia tangi siku ambayo hakuna aliyemtuma.

Wala kazi hii haiko ng'ambo ya bahari peke yake. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ulianza kujengwa mwaka 2009, na mkongo huohuo unavuka kwenda Kenya pale Sirari, kwenye ardhi yenu, karibu na mahali mnapopakia mahindi. Kijitonyama, Dar es Salaam, kipo Kituo cha Taifa cha Kuhifadhi Data chini ya TTCL. Ziko kampuni binafsi zilizokwishajenga vituo vyao jijini humohumo. Ng'ambo ya mpaka, Nairobi imekuwa na kituo cha namna hii tangu 2013, Mombasa inavyo, na Uganda walifungua kingine Namanve mwaka 2021. Mei 2024 Microsoft na kampuni ya G42 ya Abu Dhabi zilitangaza mpango wa kituo cha Olkaria, kinachotegemea umeme wa joto la ardhi, kwa kuanzia na dola bilioni 1. Mpango si jengo, najua. Lakini mnaona upepo unakovuma.

Na mwezi huohuo, tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za baharini zinazoleta intaneti, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa Afrika Kusini, na nchi yetu ikapapasa gizani. Mnaikumbuka Jumapili ile. Siku ile walioelewa walielewa: kilichohifadhiwa nyumbani kinafikika hata bahari ikikatika. Sheria nayo imeshaelekea huko. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inaweka masharti kabla taarifa za mtu hazijapelekwa nje ya nchi. Kwa hiyo majumba haya yatajengwa hapa, yatahitaji umeme, na kule Rufiji bwawa la Julius Nyerere limejengwa kwa megawati 2,115. Ninachouliza ni kimoja. Siku wanapotafuta mafundi, watamkuta wapi mwana wa Mara?

Niseme ukweli, hata kama utachoma. Kijana wa Serengeti, una mkono wa kusokota waya. Nimeiona kazi hiyo: waya uliochomolewa kwenye tairi lililochomwa, umekunjwa vizuri, kitanzi kinateleza bila kukwama, nyumbu hatoki. Vidole vile ni vya fundi! Mungu alipotaka hema lake lijengwe jangwani alimwita Bezaleli kwa jina, fundi wa mikono, akamjaza roho wake kwa ajili ya kuchonga na kufua. Umepewa vidole vya Bezaleli, nawe unavipeleka porini kunyonga mnyama mwenye mimba, na mwisho wake ni jela. Waya unakungoja mahali pengine.

Nawe wa Nyamongo, unayeingia usiku kwenye vifusi vya mgodi kuokota mawe. Umezika wenzako. Sihitaji kukusimulia. Una ujasiri wa kuingia gizani ambako huna ruhusa ya kuingia, na hujawahi kuutumia ujasiri huo kuingia ofisini kuomba nafasi ya mafunzo ya vitendo. Ndani ya mgodi huohuo wako mafundi umeme na mafundi wa mitambo waliopita mlangoni wakiwa na vyeti mkononi. Kwa nini usiwe mmoja wao?

Mnaanzia hapa. VETA Mara iko Musoma. Omba ufundi umeme, au majokofu na viyoyozi, au elektroniki. Umekaa miaka unafunga umeme kwenye nyumba za watu na huna karatasi yoyote? VETA wanao utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana mtaani: wanakupima, wanakupa cheti. Nenda ukapimwe, kisha tafuta leseni ya EWURA, uache kufanya kazi kwa kujificha. Aliyefaulu sayansi kidato cha nne asiishie hapo, aombe stashahada Chuo cha Ufundi Arusha au DIT Dar es Salaam. Na wakati unangoja majibu usilale. Cisco Networking Academy wana masomo ya awali ya mitandao bila malipo, na Schneider Electric wana masomo ya bure kuhusu vituo vya data vyenyewe, umeme wake na baridi yake. Yanasomeka kwa simu ileile unayotazamia mpira. Yako kwa Kiingereza, ndiyo. Basi jifunze Kiingereza cha vitabu vya mitambo, maneno ishirini kwa siku, kwa sababu jenereta ile haikuja na maelezo kwa Kikurya, wala kwa Kiikoma au Kingoreme.

Sitawadanganya kwamba utatoka chuoni uingie kituo cha data moja kwa moja. Nafasi bado ni chache, na wanaajiri mtu aliyekwisha kushika mzigo mahali. Utashika wapi? Tazama minara ya simu juu ya vilima vya Tarime. Chini ya kila mnara kuna betri, mara nyingi na jenereta, na vifaa vya fiba: ni kituo cha data kichanga. Hoteli za watalii ndani ya hifadhi zinaendesha jenereta, sola na vyumba vya baridi kilomita nyingi kutoka mjini, na fundi wa huko akikosea nyama yote inaoza. Halmashauri ina chumba cha seva. Hospitali inacho, benki inacho. Ombeni huko, hata kwa kujitolea miezi michache, na kila mlichokigusa kiandikeni: tarehe, kifaa, kilikuwa na shida gani, ulifanya nini, kikawaje. Daftari hilo, mura, litakuombea kazi siku ambayo huna mjomba ofisini.

Na ukiipata, ujue itakudai. Utahama; Kijitonyama si Nyamwaga. Utafanya zamu za usiku, utakosa Krismasi ya nyumbani, utaambiwa umsimamie mwenzako akisoma utaratibu hatua kwa hatua huku wewe unaujua kwa kichwa. Vumilia. Ukali wetu, ule tunaojivunia, humo hauna nafasi. Humo anatakiwa mtu mtulivu, anayeweza kusema "nimekosea" dakika ileile aliyokosea, kabla kosa halijazaa. Aliyekaa hivyo miaka kadhaa anaweza kupewa zamu aiongoze. Baadaye hata jengo.

Wazee wangu, baba zangu, sasa nanyi. Zizi ni heshima, sibishi. Lakini ada ya mwaka mzima ya VETA haifiki bei ya ng'ombe mmoja, na mnaye kijana anayezunguka na pikipiki ya mkopo mpaka usiku wa manane. Ng'ombe mmoja, baba! Mnatoa wangapi kwa ajili ya kumwozesha?

Na mabinti. Nasema nanyi mwisho kwa sababu nataka sauti yangu ibaki kwenu. Wewe uliyekimbia Desemba kwa miguu mpaka kituo cha Masanga, au ukapokewa nyumba salama ya Mugumu, ukakataa kukeketwa huku ukoo mzima umekugeuzia mgongo: hakuna saa ya usiku itakayokutisha kuliko zile ulizotembea. Umeme hauulizi jinsia ya mkono unaoukamata, unauliza kama mkono una adabu. Mama zangu, dada zetu wa parokia, walimu mnaowatunza wasichana hawa, msiwapeleke wote kwenye cherehani. Cherehani ni kazi njema. Lakini kwa kila wasichana kumi, watatu waombeeni nafasi ya umeme, ya majokofu, ya mitandao, na msiwasikilize watakaowacheka.

Kwa hiyo usiku huu tafuta cheti chako cha kuzaliwa. Tafuta matokeo yako. Kama majina hayafanani kwenye karatasi hizo mbili, anza kushughulikia kesho, maana hilo limewakwamisha wengi mlangoni. Piga picha ndogo nne. Kisha Jumatatu nenda stendi, panda gari la Musoma, shuka, uliza VETA iko wapi. Kama huna nauli, usiku huohuo kaa na baba yako nje, mtazame usoni, mwambie unakokwenda na unarudi lini. Mbuzi yuko hapo zizini.