Kuazima Mtu wa Mwenzio

Ukikaa uswahilini, iwe Mwananyamala au Tandika, unajua sufuria kubwa la shughuli halitulii kwa mwenyewe. Linatoka nyumba hii linaingia ile, msiba leo, ngoma kesho. Lakini lina taratibu zake. Unabisha hodi, unasema unalitaka kwa siku ngapi, unalirudisha limesuguliwa. Ukilitoboa, hulirudishi kimyakimya usiku.

Je, mhusika wa hadithi naye anaazimwaje?

Nauliza kwa sababu kijana mmoja wa Mbagala, anayeandika zile hadithi za kwenye simu ambazo mwanzo ni bure na muendelezo unalipia, ameniambia anataka kumchukua Willy Gamba. Halafu amuue. Kwenye kivuko cha Kigamboni, katikati ya maji. Wasomaji watalia, anasema, na watalipa.

Sheria ina neno lake. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda kazi ya mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Elvis Musiba, aliyemuumba Willy Gamba, alifariki 2010. Anayetaka kupata hela kwa jina hilo hana budi kuwatafuta warithi wazungumze. Sawa. Ila sheria inatuambia nani aombwe na nani alipwe. Haituambii huyo mtu uliyempewa umtendee nini.

Hapo namkumbuka Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar. Bwana Msa wake, aliyetokea kwenye Mzimu wa Watu wa Kale, ana kiko chake, ana akili ya kuunganisha vitu vidogo, ana rafiki yake Najum wa kushangaa pembeni. Kila aliyesoma Sherlock Holmes anaona mshono ulipopita. Lakini Abdulla alichukua tabia akaacha jina. Akampa mtu huyo Kiswahili chake, visiwa vyake na watu wa kubishana nao. Conan Doyle hakupungukiwa na kitu, na sisi tukapata mtu wetu.

Maurice Leblanc wa Ufaransa alifanya kinyume. Mwaka 1906 alimwingiza Sherlock Holmes, kwa jina lake kamili, kwenye hadithi ya mwizi wake Arsène Lupin. Lupin akamwibia saa. Doyle alikuwa hai, akapinga, na jina likageuzwa kuwa Herlock Sholmès, ujanja ambao hata mtoto angeushtukia. Mgeni njoo mwenyeji apone, wanasema wahenga, na Leblanc aliifuata neno kwa neno: mgeni aliitwa aaibishwe ili mwenyeji ang'are. Inachekesha, nakiri. Lakini ndiyo namna mbaya ya kuazima.

Sasa asije mtu akasema basi tusiguse kabisa. Waliolelewa na jarida la Sani wanajua hasara ya msimamo huo. Philip Ndunguru, mmoja wa wachoraji wake wakubwa, alifariki 1986 akiwa bado kijana. Kama wenzake wangeweka kalamu chini kwa heshima, watu kama Ndumilakuwili wangezikwa naye. Walichorwa na mikono mingine, na waliokuja kusoma miaka ya baadaye wakawapenda bila kujua mkono wa kwanza ulikuwa wa nani. Sufuria likitumika sana linachakaa. Mhusika asipotumika ndiyo anachakaa.

Kwa hiyo kuazima si dhambi. Ninachokiogopa ni kuchukua jina na kuacha tabia. Willy Gamba si malaika. Anapenda starehe, anapenda wanawake, mkono wake mwepesi kwenye bastola. Lakini tangu Kufa na Kupona, mwaka 1974, ni mpelelezi anayehatarisha roho kwa ajili ya ukombozi wa Afrika, enzi ambazo Kamati ya Ukombozi ya OAU ilikuwa na makao yake hapahapa Dar. Mzeeshe ukitaka. Mfanye achoke, mpe kisukari, mpandishe mwendokasi pale Kimara. Ni yuleyule. Ila ukimfanya auze siri za nchi kwa fedha, bila kutuonyesha kilichomvunja, umeazima koti lake ukamvisha mtu mwingine.

Na kifo? Hicho nakiweka peke yake. Ukimkosea mhusika, mwandishi mwingine anaweza kuja kurekebisha. Ukimuua na hadithi yako ikasambaa, wapo watakaokutana na Willy Gamba kwa mara ya kwanza akiwa maiti. Aliyekuwa na haki ya kuamua hayo alikuwa na miaka zaidi ya 30 ya kuamua, na sasa hawezi kuulizwa.

Nilimwambia kijana ajaribu kitu kimoja kabla hata hajawatafuta warithi. Afute jina la Willy Gamba kila lilipo, aweke jina lolote la mtaani kwao, kisha asome tena sehemu ile ya kivuko. Kama bado inauma, ana hadithi yake mwenyewe na hahitaji kuazima. Kama haiumi tena, basi machozi aliyotaka kuyauza ni ya Musiba.

Bado hajanijibu.