Kadari na Pedi za Breki

Ajali ikitokea kwenye barabara ya Likoni kwenda Lunga Lunga, matanga huwa hayajaanuliwa na hukumu imeshapitishwa: ilikuwa kadari, ajali haina kinga. Asemaye hivyo hakosei. Waislamu wa Tiwi na Waa, kama wenzao wanaoswali katika msikiti wa kale wa Kongo penye mlango wa mto Mwachema, wanaamini kuwa ajali na siku ya mtu kufa vyote viko katika elimu ya Mwenyezi Mungu. Kosa liko katika kazi ambayo maneno hayo hupewa. Hutumiwa kuzima swali la pili, ambalo dini haikulizima: nani alipaswa kufanya nini kabla ya siku hiyo? Swali hilo linaonekana vizuri zaidi kwenye kitu kidogo kama pedi za breki za gari kuukuu. Ninavyoona mimi, mwenye gari lililokwisha kwenda kilomita 300,000 anadaiwa uangalifu mkubwa kuliko mwenye gari jipya, na kadari haimfutii deni hilo.

Tuanze na chuma kabla ya kufika kwenye fikihi. Breki haiufuti mwendo, huugeuza kuwa joto. Mji wa Kwale uko zaidi ya mita 300 juu ya bahari, na barabara yake inateremka hadi Kombani, jirani na Tiwi. Gari la kilo 1,500 likiteremka mita 300, nguvu inayopaswa kumezwa ni sawa na kulisimamisha gari hilo kutoka mwendo wa kilomita 80 kwa saa mara 12 hivi. Dereva akitia gia ndogo, injini humsaidia sana. Asipotia, karibu mzigo wote unaziangukia breki. Pedi hafifu zikipata moto kupita kiasi hupoteza mshiko: mguu unakandamiza, kanyagio ni gumu, gari linakwenda. Katika gari kuukuu tatizo si pedi peke yake. Diski imelika, haina tena unene wa kubeba joto. Chumvi ya bahari imekwamisha pini za kalipa, pedi moja inaisha kabla ya mwenzake. Mafuta ya breki hunywa unyevu wa hewa. Yale ya daraja la DOT 3, yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakishanyonya maji kiwango chake kinaweza kushuka hadi 140. Gari jipya lina akiba ya kufidia pedi mbaya. Gari kuukuu akiba yake imekwisha, na ndiyo sababu pedi zake zinastahili kufikiriwa zaidi.

Hadithi ya kumfunga ngamia kwanza ndipo utawakali kila mtu anaijua, nami sitaitegemea. Hoja nzito zaidi iko kwa Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111. Katika kitabu chake Ihyaa anazigawa sababu katika mafungu: zile za yakini, zile za dhana yenye nguvu, na zile za kuwazia tu. Mtu mwenye njaa aliyewekewa chakula, akakataa kunyoosha mkono akidai anamtegemea Mungu, kwake huyo hana tawakali, ana wazimu. Pedi iliyobaki milimita mbili, inayolia kila kanyagio linapoguswa, iko katika fungu gani? Pedi nyingi hutengenezwa na kibati kinachokwaruza diski makusudi ili zilie zikikaribia kwisha. Dereva anayeongeza sauti ya redio asikisikie hawezi kusema habari haikumfikia.

Wapo watakaojibu kwamba hakukusudia kuua, na nia ndiyo msingi wa hukumu. Jibu liko katika Sura ya Nisaa, aya ya 92, inayohusu hasa aliyeua muumini kwa kukosea. Pamoja na kukosea kwake, aya inamwekea kafara, na familia ya marehemu inastahiki dia, yaani fidia ya damu, isipokuwa wakisamehe. Madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na wengi pwani hii, yamejenga mlango mzima wa fikihi juu yake. Maana yake ni kwamba kukosa nia kunaweza kumwondolea mtu dhambi bila kumwondolea dhamana. Ikiwa aliyeteleza bila uzembe wowote analipa, aliyesikia pedi zikilia wiki tatu atasimama wapi?

Pingamizi linalonishughulisha zaidi ni la umaskini. Dereva wa matatu analipa mafuta, makanga na hesabu ya tajiri kabla ya kufikiria spea, na kumhubiria anunue pedi ghali ni ukatili wa walioshiba. Nakubali nusu. Sheria haimkalifishi mtu zaidi ya uwezo wake, na pedi bora si lazima iwe ghali kuliko zote: yenye chuma kingi huvumilia moto lakini huila diski haraka na hupiga kelele, ya seramiki ni kimya na bei yake iko juu, laini ya kawaida, ya kiwandani kweli, inamtosha anayekwenda Ukunda na kurudi. Anayeteremsha abiria kutoka Kwale kila siku haimtoshi. Wajibu, basi, ni pedi inayotosha mzigo na njia. Nusu nisiyoikubali ni hii: abiria na mtoto anayevuka barabara hawakushirikishwa katika hesabu ile, na umaskini wa mmoja haumhalalishii kulipia kwa mwili wa mwingine. Asiye na fedha ya pedi leo anaweza kuliegesha gari leo. Ni hasara, na tajiri mwenye gari ndiye anayepaswa kuibeba kwanza.

Muuzaji na fundi nao wamo. Mtume alipoingiza mkono katika rundo la nafaka sokoni Madina akakuta chini limelowa, alimkaripia mwenye mali kwa kuficha kilicholowa. Pedi bandia ndani ya kasha lenye jina la kampuni kubwa ni rundo hilohilo. Na diski nyingi zina unene wa chini kabisa uliochongwa na kiwanda ukingoni au kwenye kitovu. Fundi mwenye kipimo anaweza kuusoma kwa dakika moja. Akifunga pedi mpya juu ya diski iliyopita kiwango hicho, akamwambia mwenye gari kila kitu kiko sawa, sehemu ya dhamana imeshahamia kwake.