Vyumba Tisa vya Hirizi

Kama uko Mbezi Luis unawahi basi Stendi ya Magufuli, tupia jicho nguzo za umeme: matangazo ya waganga, namba ya simu, pengine na nyota. Ile ya pembe sita ndiyo wengi huiita muhuri wa Nabii Suleiman.

Katika alama za waganga, mimi kinachonishika zaidi ni mraba. Fundi wa hirizi anachukua karatasi, anapiga mistari, anapata vyumba tisa. Juu anaandika 4, 9, 2. Katikati 3, 5, 7. Chini 8, 1, 6. Jumlisha kwa kwenda kulia, kwa kushuka, hata pembe kwa pembe: ni 15, kila mara. Kisha karatasi inakunjwa, inashonewa ndani ya kitambaa au ngozi, mtoto anafungiwa mkononi.

Mraba huohuo Wachina waliujua zamani. Waarabu wakauandika kwa herufi zenye thamani ya tarakimu, na vitabu vinavyonasibishwa na al-Buni, aliyefariki karne ya 13, vikausambaza. Mwaka 1514 Mjerumani Albrecht Dürer akachora wa vyumba 16, jumla yake 34.

Masheikh wengi wanazikemea hirizi, wachungaji vilevile. Sawa. Ila hesabu ile ni tamu hata bila mganga. Leo foleni ya Kimara ikiwakamata, mchoree mwanao vyumba tisa vitupu, mpe tarakimu 1 hadi 9. Mdokezee tu kwamba 5 inakaa katikati. Nyingine ahangaike nazo mwenyewe.