Nyumba Iliyofagiwa Yataka Mwenyeji



Bwana wetu alitufundisha kwamba nyumba iliyofagiwa na kupambwa, ikiachwa tupu, pepo mchafu huirudia pamoja na wenziwe saba. Ni onyo kwa wazazi, na kwa wachungaji pia: yeye aondoaye ubaya asipoweka jema mahali pake, amefanya nusu ya kazi.

Mfano wake twaupata Paris, Ufaransa. Kanisa kuu la Mama Yetu, lililoanza kujengwa mwaka 1163, lilikuwa bado mikononi mwa waashi. Humo, kila tarehe 1 Januari, Sikukuu ya Tohara ya Bwana, baadhi ya makleri wa daraja za chini walizoea kufanya mzaha na fujo, hata siku ile ikaitwa Sikukuu ya Wapumbavu. Mwaka 1198 balozi wa Baba Mtakatifu alidai desturi hiyo ikomeshwe. Askofu Odo wa Sully akaikataza, lakini hakuishia hapo. Aliipanga upya ibada ya siku hiyo, akaruhusu nyimbo fulani ziimbwe kwa sauti tatu au hata nne. Mwaka 1199 akafanya vivyo hivyo kwa sikukuu ya Mtakatifu Stefano.

Mtunzi wa nyimbo za namna hiyo alikuwa Perotinus. Hakuacha sahihi yake popote. Habari zake zatufikia kwa kalamu ya mwanafunzi mmoja wa mwishoni mwa karne ya 13, ambaye naye hakuacha jina. Asema kwamba Leoninus alitunga kitabu kikubwa cha nyimbo, Perotinus akakifupisha na kukitengeneza, kisha akatunga nyimbo mbili za sauti nne: «Viderunt omnes» ya Noeli na «Sederunt principes» ya Mtakatifu Stefano. Wataalamu wengi huziunganisha na amri za Askofu Odo.

Katika nyimbo hizo sauti ya chini hushika wimbo wa kale wa Kanisa, silabi moja kwa muda mrefu, kama msingi wa ukuta. Juu yake sauti tatu zapishana na kujibizana; kila moja sharti ihesabu mapigo yake na kuzisikiliza nyingine. Mlevi hawezi kazi hiyo.

Mzaha ule haukufa siku moja: mwaka 1445 walimu wa teolojia wa Paris walikuwa wangali wakiulaani. Lakini leo umekwisha, na nyimbo za Perotinus zingali zaimbwa.

Ewe mzazi, umemkataza mwanao ngoma za kilabuni usiku wa Noeli. Umefanya vema. Je, umempa nini badala yake? Mpeleke kwaya, umsikilize aimbapo, umheshimu mwalimu amfundishaye nota jioni baada ya kazi, ingawa jina lake halitaandikwa popote. Mungu alijua jina la Perotinus kabla ya mwanafunzi yule kuliandika. Na la mwalimu huyo alijua.