Rahisi kwa Nani?

Mjukuu wangu alinijia hapa Ihembe na ombi: nimwongezee fedha anunue simu ya Infinix. "Babu," akasema, "ndani ina viini vinane, kama simu za matajiri, tena bei yake rahisi." Nikashikwa na neno hilo. Lugha yetu imelitwika kazi mbili: jambo lisilo gumu na kitu kisicho ghali. Mwalimu mzee haliachi neno la namna hiyo likapita.

Urahisi huo haukutokana na huruma ya mtu. Ubongo wa simu ni chipu. Qualcomm ya Marekani ilitamba katika simu za gharama. MediaTek ya Taiwan, iliyoanzishwa mwaka 1997, ikawaendea wanyonge. Iliviuzia viwanda vidogo vya Shenzhen chipu pamoja na mchoro mzima wa simu, hata kiwanda chenye wahandisi wachache kikaweza kuunda simu. Mwaka 2020 iliipita Qualcomm kwa idadi ya chipu za simu janja. Unisoc ya Shanghai nayo inasukuma kutoka chini. Kwa hiyo Transsion, wenye Tecno, Infinix na itel, wana pa kuchagua, na bei hushuka. (La kuchekesha ni kwamba Qualcomm na MediaTek hupeleka kazi nyingi kwa fundi yule yule, kampuni ya TSMC ya Taiwan.)

Ila sisi si wanunuzi tu, tunauza pia. Kyerwa, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, wachimbaji wadogo hutoa bati ardhini kwa sururu na beleshi. Bati ndilo sehemu kubwa ya lehemu inayoishikisha chipu kwenye ubao wake. Likishayeyushwa na la nchi nyingine halina tena kijiji, lakini simu pasipo bati hakuna. Je, ushindani uliomletea mjukuu wangu simu umemfikia mchimbaji? Umemfikia mgongoni. Kwenye chipu wanaoshindana ni wakubwa wachache. Kwenye bati anayeshindana ni yeye na wenzake wengi, na bei inapangwa London. Kahawa yetu ya robusta ni vivyo hivyo.

Basi ni kosa kuifurahia bei hiyo? Nilikaribia kumnyima kijana. Lakini kumnyima kusingemwongezea mchimbaji hata senti, na mchimbaji mwenyewe anaitaka simu hiyo hiyo. Akiwa nayo aweza kuisoma bei ya London kabla mnunuzi hajamtajia ya kwake. Hata hivyo siikubali hoja kwamba soko ni la haki kwa kuwa limetupatia vitu kwa bei nafuu. Aliyepata nafuu siye aliyelipa.

Nilimweleza mjukuu wangu yote hayo. Alisikiliza kwa adabu, kisha akauliza, "Kwa hiyo, Babu, nisinunue?"

Nilimwongezea zilizopungua. Zilikuwa fedha za kahawa.