Kina Mama wa Kuresoi, Msiuze Mali Bila Jina

Kwa miaka mingi maji ya chupa yenye jina la Keringet yameuzwa katika maduka makubwa na hoteli za Nairobi. Ni maji ya huku huku kwetu, yaliyochujwa na ardhi ya Mau, na mtu ambaye hajakanyaga Kuresoi maisha yake yote hulitaja jina la kijiji chetu anapoagiza kinywaji. Sasa nenda soko la Marikiti alfajiri, malori yanaposhusha mizigo, uulize viazi vile vimetoka wapi. Utaambiwa "Molo" kwa mazoea tu, au hutajibiwa kabisa. Viazi vilivyopandwa, vikapaliliwa na kuchimbwa na mwanamke wa Sirikwa au Kiptororo vinaingia mjini bila jina wala mwenyewe.

Karoti hivyo hivyo. Kabichi, njegere, maziwa, sufu ya kondoo, maua ya pareto. Sisi tunatoa jasho, mwingine anaweka jina, na anayeweka jina ndiye anayepanga bei.

Nasema na nyinyi, kina mama wa Olenguruone, Keringet, Kiptagich, Kamara, Nyota na kote huku juu kwenye baridi. Dunia siku hizi inatafuta kwa tochi chakula kisichojaa sumu, nguo isiyoishia kwenye jaa la Dandora, na jiko lisilomtoa mpishi machozi. Vitu hivyo mnavyo tayari, jikoni, zizini na nyuma ya nyumba. Kazi iliyobaki ni kuvipa jina, kuvipima kwa mizani yenu wenyewe, na kukataa kuviuza kwa lumbesa.

Nani asiyeijua lumbesa? Broka anafika na vijana wake na magunia yake. Gunia linajazwa hadi mdomoni, linatikiswa, linajazwa tena, kisha juu yake kinashonewa kilemba cha wavu kinachobeba kilo nyingine nyingi, na kilemba hicho hakina bei. Mama amesimama pembeni, matope yamefika kwenye vifundo vya miguu. Anajua anaibiwa. Lakini Shangi, aina ya viazi iliyojaa mashamba yetu, hukomaa upesi na kuchipua upesi vilevile. Vikikaa ghalani wiki chache tu vimeanza kutoa machipukizi. Karo inadaiwa. Mvua ikiongezeka lori halitapanda tena. Basi anakubali. Kanuni za viazi za mwaka 2019 zilisema mzigo usizidi kilo 50. Kanuni iko kwenye karatasi. Barabarani kuna wavu.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Mwanamke mmoja akimkatalia broka, broka anavuka ua na kwenda kwa jirani. Lakini wanawake ishirini wenye mizani moja ya kuning'iniza, na ghala moja la pamoja lenye giza na hewa ya kutosha, hao broka atawapimia, apende asipende. Mizani hiyo haihitaji mfadhili. Ni mchango wa chama kwa miezi michache.

Mnakumbuka Januari 2022, mikahawa ya KFC nchini ilipokosa chipsi? Viazi vyake vilikuwa vikiletwa kutoka ng'ambo na mzigo ukachelewa. Wakenya wakawaka mitandaoni: nchi yenye viazi hadi kando ya barabara inakosaje chipsi? Kampuni ikajibu kwamba anayeiuzia lazima apite ukaguzi wake wa ubora. Tulinuna siku kadhaa, kisha tukasahau. Hasira yetu haikumenya kiazi hata kimoja. Swali ambalo wachache waliuliza ni hili: siku ile, ni kikundi gani cha Kuresoi kingeweza kupiga simu na kusema tunavyo viazi, vimemenywa, vimekatwa, vimepimwa, na alama ya ubora ya KEBS tunayo? Wenye kutengeneza krispi nao wana kiazi chao wanachokipenda, Dutch Robijn, kwa kuwa hakina maji mengi na hakiungui haraka kwenye mafuta. Mbegu iliyothibitishwa iko Molo kwa shirika la ADC. Wataalamu wa chakula wako Chuo Kikuu cha Egerton pale Njoro. Ni nauli ya matatu tu, si safari ya ndege.

Viazi ni mali kubwa, kwa hiyo vita vyake ni vikubwa. Mimi moyo wangu uko kwa thabai.

Thabai, mboga ya porini, kwa kawaida haipandwi. Huota yenyewe kando ya ua, penye samadi ya ng'ombe na pembezoni mwa msitu, na huwasha vibaya sana. Watoto huitumia kutishana. Bibi zetu waliila. Tulipopata sukuma wiki tukaiona chakula cha njaa. Ajabu ni kwamba shirika la Slow Food, lililoanzia Italia na sasa lina wanachama dunia nzima, limeiweka thabai iliyokaushwa ya Msitu wa Mau miongoni mwa vyakula ambavyo linawasaidia wazalishaji wake kuvitunza na kuvitafutia soko. Wazungu wameona kitu tulichokuwa tukikifyeka kwa panga.

Na kazi yake si ngumu. Unavaa glavu nzito, unachuma vichwa vichanga kabla mmea haujatoa maua. Unaosha. Unatandaza juu ya wavu ulioinuliwa kutoka chini, kivulini, maana jua kali huichujua rangi. Majani yakikauka kiasi cha kuvunjika mkononi, ule mwasho umekwisha. Unatwanga, unachekecha, na unabaki na unga wa kijani kibichi. Kijiko kimoja kwenye uji wa mtoto, kwenye unga wa ugali au ndani ya mukimo, na nyumba imepata madini ya chuma bila kupitia duka la dawa. Hakuna mbolea ya dukani hapo, hakuna kunyunyiza dawa, hakuna broka aliyeizoea. Bei ya unga wa thabai bado haijapangwa na mtu. Ipangeni nyinyi, na mapema.

Kwenye orodha hiyo hiyo ya Slow Food yumo kuku wa Molo aitwaye Mushunu, yule asiye na manyoya kichwani na shingoni, ambaye mgeni akimwona mara ya kwanza hudhani anaumwa. Vurugu za baada ya uchaguzi wa 2007 zilipowatoa watu makwao, kuku hawa nao walipungua sana. Walihitaji watu wa kurudi na kuanza upya na mitetea wachache. Kuresoi hatuhitaji kuhadithiwa hayo, tangu 1992 tumeyaona kwa macho. Ndiyo maana nasema kikundi ambacho mama Mkipsigis, Mkikuyu, Mkisii na Mwogiek wanagawana vifaranga kinafanya kazi ambayo hotuba za majukwaani hazijawahi kuifanya. Ukishamkopesha mtu jogoo, ni vigumu kumchomea nyumba.

Tuje kwenye mavazi. Baridi ya huku inaingia mifupani, na bado watoto wetu wanakwenda shule na sweta za nyuzi zilizotokana na plastiki, ilhali kondoo wanapita mlangoni. Tangu bei ya sufu ianguke, wengi tunamhesabu kondoo kuwa nyama tu. Lakini pale Njoro, mwendo mfupi kutoka hapa, kuna Kenana Knitters, iliyoanza mwaka 1998 ili wanawake wa vijijini wapate kipato kwa mikono yao. Wanasokota sufu, wanaitia rangi za mimea, wanafuma sweta na vikaragosi vya wanyama vinavyouzwa hadi ng'ambo. Na kwenye kibandiko cha kikaragosi kuna jina la mwanamke aliyekifuma. Mtoto wa nchi ya mbali analala na tembo wa sufu, na jina la mama wa Njoro liko pale. Hakuna gunia la lumbesa lililowahi kumfanyia hivyo mwanamke yeyote.

Mitumba siilaani. Imewavisha wengi na kuwasomeshea wengi watoto. Ila fundi mwenye cherehani Olenguruone anayegeuza blanketi lililochanika kuwa koti la mtoto, au jinzi kuukuu kuwa mkoba, ajue kwamba kazi yake ina soko kuliko anavyodhani. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Agosti 2017, watu wanahitaji cha kubebea. Kiondo kimerudi mjini kwa heshima.

Ukitaka kujua mazingira yanahusiana vipi na biashara hizi, mtazame anayebeba kuni. Serikali ilifunga ukataji miti Februari 2018. Julai 2023 Rais William Ruto akatangaza kuufungua, tena akiwa Molo. Wanasiasa watafunga na kufungua msitu. Aliyeinama na mzigo wa kuni ni yule yule, mama. Mau ndiyo inayotoa maji ya Mara, Sondu na Molo. Kila mti unaookolewa jikoni ni maji kwa watu wasiotujua hadi Tanzania.

Charlot Magayi alikuwa muuza makaa katika mtaa wa Mukuru, Nairobi. Mwaka 2012 binti yake aliunguzwa na jiko la makaa. Mwingine angelia, akafunga kidonda na kuendelea, na asingelaumiwa. Yeye alianza kutengeneza jiko bora zaidi, na mwaka 2017 akaanzisha Mukuru Clean Stoves. Mwaka 2022 kazi hiyo ilimpa tuzo ya Earthshot, pauni milioni moja za Uingereza. Na hapa Nakuru mjini kuna watu wanatengeneza makaa kwa uchafu wa vyoo na vumbi la mbao, wakayaita Makaadotcom. Cheka kwanza, ruksa. Kisha uliza ni nani Kuresoi anauza majiko bora kwa majirani zake kwa malipo ya kidogo kidogo, uone kama utampata wa kumtaja.

Wangari Maathai aliijua siri hii mapema. Alipoanzisha Green Belt Movement mwaka 1977, hakuwahubiria wanawake wapende miti wakiwa na njaa. Aliwalipa kitu kidogo kwa kila mche ulioshika. Ndiyo kazi iliyofika hadi Tuzo ya Nobel ya 2004. Uhifadhi usiomlipa mama haudumu, na anayetuletea mradi wa kuhifadhi bila kueleza utatuingiziaje hela tumpe chai, tumshukuru, tumsindikize.

Maana semina tumehudhuria za kutosha. Fulana tumepewa, kofia tumepewa, picha tumepigwa. Kilichobaki nyuma ni kidogo. Pareto nayo itufunze: Kenya iliwahi kuongoza dunia kwa maua yale meupe, dawa ya wadudu inayoyeyuka juani bila kuacha sumu shambani, na mikono iliyoyachuma ilikuwa zaidi ya wanawake. Malipo yalipochelewa miaka na miaka, watu waling'oa wakapanda viazi. Tangu sheria ya 2013 wanunuzi binafsi wameruhusiwa na miche imeanza kurudi. Safari hii msikubali kuwa wachumaji tu. Ulizeni mkataba kabla ya mche. Ulizeni nani anakausha, nani anapima, hela zinaingia kwenye simu ya nani.

Hilo la simu ya nani lina uzito wake. Mwanamke analima, mwanamume anapokea. Waume zetu wengi ni waungwana, lakini kikundi chenye akaunti yake na waweka saini watatu hakiulizi kama mume ni muungwana.

Sheria ya kusajili vikundi ya 2022 inataka watu kumi tu, katiba fupi na safari moja hadi ofisi ya maendeleo ya jamii. Mfuko wa Wanawake upo tangu 2007, ule wa Uwezo ukafuata. Asilimia 30 ya zabuni za serikali imetengewa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Hospitali na ofisi za kaunti zinanunua chakula na mablanketi kila mwaka, na mtu analipwa. Mbona si wewe? Usiseme hukusoma. Wewe unayepanga harusi ya watu mia tano na sufuria za kuazima, bila mtu kukosa wali, unashindwaje na fomu ya kurasa chache?

Basi kikao kijacho cha chama, kabla hela hazijazunguka, wekeni mezani jambo moja. Si kumi. Thabai, au krispi, au sweta, au Mushunu, au maziwa ya mursik safi kwenye kibuyu kilichotiwa mkaa wa mti wa senetwet sawasawa, si yale ya chupa za soda zilizookotwa. Chagueni moja mnayoiweza zaidi ya jirani. Changeni mizani. Chapisheni kibandiko chenye jina lenu na namba ya simu ya kikundi. Ya kwanza itatoka mbaya; uzeni tu, mrekebishe ya pili. Na msimu wa kuchimba viazi ukifika, broka akipiga simu kama kawaida yake, mwambieni aje na hela tu. Mizani tunayo.